Mita Tatu za Bomba la Shaba

Leo nataka tuzungumze juu ya duka. Sizungumzii duka la nguo wala la vyakula. Nazungumzia lile la vifaa vya ujenzi ambalo kila mji mdogo wa Kagera unalo, na Nshamba pia: misumari ndani ya ndoo, mabati yameegemezwa ukutani, majembe yasiyo na mpini yamepangwa chini, na nyuma ya kaunta roli la bomba jembamba la shaba. Anaingia mteja, anataka mita tatu. Muuzaji anavuta roli, anapima kwa tepu, anakata kwa msumeno wa chuma, anataja bei, anapokea pesa. Hamuulizi bomba ni la nini, ingawa anajua, na mteja hasemi, ingawa anajua kwamba anajulikana. Fundi wa friji hununua bomba hilohilo, lakini yeye huja na maneno mengi: unene wake, upana wake, lile la juzi lilivyopasuka. Yule wa mita tatu ananyamaza kwa sababu anakwenda kupika gongo, ambayo wazee wa huku huiita enkonyagi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba afya ya mnywaji huanza kuhatarishwa hapo kaunta, katika ukimya huo wa dakika tano, kabla hata moto haujawashwa. Ukimya huo tumeuweka wenyewe kwa sheria, na kwa sheria tunaweza kuuondoa.

Tuanze na rubisi, pombe yetu ya ndizi, maana bila rubisi hatutaelewa duka lilivyoingia katika habari hii. Rubisi haikuwahi kuhitaji duka. Ndizi zake, embire, zinatoka kibanjani hapo nyuma ya nyumba. Obwato, ule mtumbwi wa kukanyagia, umechongwa kwa gogo na mtu wa kijijini anayejua kabisa utatumika kwa nini. Nyasi za kukamulia zinakatwa rweya, kwenye uwanda wa nyasi. Wanaume wanakanyaga, nyasi zinashika utomvu na maganda, na kinachochujika ni omuramba, juisi tamu ambayo hata mtoto huinywa. Ikitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba hadi kesho yake, imekuwa rubisi. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Robert Carlson aliandika jinsi kinywaji hiki kilivyobeba mambo ya kupeana na ya kuwakumbuka wahenga katika jamii ya Wahaya, na mtu yeyote aliyehudhuria mahari au msiba huku hahitaji kusoma kitabu ili akubali. Lakini mimi jioni hii natazama jambo dogo kuliko hilo. Kila chombo cha rubisi kilitoka mikononi mwa mtu aliyejua kazi yake, na maarifa yalisafiri pamoja na chombo. Mti usiofaa kwa obwato ulijulikana, na aliyetaka kuuchonga aliambiwa.

Gongo ikaja na chuma. Huwezi kupika pombe kali kwa gogo na nyasi peke yake. Unahitaji chombo kinachohimili moto, mfuniko usiopitisha mvuke, na bomba la kupitisha mvuke huo katikati ya maji baridi. Vitu hivyo havioti kibanjani. Kwa hiyo mpikaji wa gongo ndiye wa kwanza katika ukoo mrefu wa watengeneza pombe wa Ihangiro na Bukoba aliyelazimika kwenda dukani, na duka alilolifikia lilikuwa tayari limefungwa mdomo. Tarehe 10 Septemba 1919, mataifa yaliyoshinda Vita Vikuu vya Kwanza yalitia saini mkataba huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, kuhusu biashara ya vileo Afrika. Mkataba huo haukuishia kukataza kutengeneza pombe kali katika makoloni. Ulikataza pia kuingiza, kusambaza, kuuza na kumiliki mitambo ya kupikia, na hata vipande vya mtambo. Vipande, msikilizaji. Ndio wakati huohuo Tanganyika ilipokuwa ikitoka mikononi mwa Wajerumani kwenda kwa Waingereza, kwa hiyo utawala mpya ulianza kazi ukiwa na wazo hilo mfukoni: Mwafrika na bomba la shaba wasikutane. Pombe kali ya Ulaya iliendelea kuingia kwa chupa kwa ajili ya Wazungu. Ninalisema hilo kwa sababu mara nyingi tunaambiwa marufuku hii ilitokana na kuijali afya yetu, na mwanzo wake hauonyeshi hivyo.

Uhuru ulipokuja, Bunge letu lilipitisha mwaka 1966 sheria inayohusu utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Moshi ndilo jina la kisheria la gongo, na mpaka leo wanaofikishwa mahakamani kwa kukutwa na lita tano au kumi hushitakiwa chini ya sheria hiyo. Inakataza kupika bila leseni, kukutwa na kinywaji chenyewe, kukutwa na mtambo. Neno leseni limo ndani yake, na hilo ni jambo la kushika, kwa sababu maana yake ni kwamba waliotunga sheria hawakusema pombe hii haiwezi kuwepo. Walisema iwepo kwa kibali. Waganda nao katika miaka hiyohiyo ya 1960 walitunga sheria ya enguli, yenye wazo la wapikaji wa vijijini wenye leseni kuuza kwa kiwanda kikubwa kitakachosafisha upya na kutia kwenye chupa. Ndiyo habari ya Uganda Waragi. Kwetu kiwanda kilipata chupa yake na jina lake, Konyagi, tangu 1970. Mama wa Nshamba mwenye pipa moja hakupata kibali. Alibaki na nusu ya sheria inayokataza.

Sasa angalia sheria hiyo inavyofanya kazi ndani ya duka. Muuzaji akiuliza "mama, bomba hili ni la kazi gani?" na akajibiwa kweli, amekuwa shahidi, pengine mshirika. Asipouliza, ameuza bomba tu. Mteja akiomba ushauri, amejitaja. Kwa hiyo kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza, na ni heshima ya aina yake, lakini ina gharama. Gharama ya kwanza ni chuma chenyewe. Bomba jipya la shaba lina bei, na mtambo unaoweza kuvunjwa na askari wiki ijayo hauna maana kuugharimia. Mpikaji aliyenyang'anywa kifaa kizuri harudi dukani kununua kizuri kingine. Anatafuta cha bei ya chini, kilichotumika, kipande cha rejeta ya gari kuukuu. Hapo ndipo hatari inapoingia, kwa sababu viungo vya rejeta za zamani hulehemiwa kwa risasi, na mvuke wa pombe ukipita humo siku baada ya siku unaondoka na risasi kidogo kidogo. Madaktari nchini Marekani wameandika kwa miaka mingi juu ya wagonjwa walioingiwa na sumu ya risasi kwa njia hiyo hasa. Risasi haina ladha mbaya wala haileti kizunguzungu usiku uleule. Inakaa mifupani, inadhoofisha damu, figo na fahamu. Kila msako unaovunja mtambo wa shaba safi unaweza kuwa umefungua nafasi ya mtambo wa rejeta, na hesabu hiyo haionekani katika taarifa ya lita zilizomwagwa.

Chukua na pipa. Pipa la lita mia mbili linafika sokoni likiwa na maisha nyuma yake: limebeba dizeli, au oili, au kemikali ya kiwandani. Lebo imebanduka, rangi imepakwa upya, na anayeuza alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Kulisuuza kwa maji ya moto na majivu kunaondoa harufu, na mnunuzi akikosa harufu huridhika, ingawa vingi kati ya vinavyodhuru havina harufu. Dumu la njano la lita ishirini nalo ni hivyohivyo. Lililotoka na mafuta ya kupikia halina neno kwa maji ya kunywa. Lakini dumu linalofanana nalo kabisa limewahi kubeba dawa ya kupulizia kahawa, na pombe kali huinyonya plastiki na yaliyojificha ndani yake kuliko maji yanavyoweza. Mwenye duka aliyelitoa kwenye gari anajua ni lipi ni lipi. Neno moja lake lingetosha. Anayenunua dumu la maji anaambiwa, "hilo usichukue, chukua hili." Anayenunua dumu la gongo anachagua mwenyewe.

Sukari na hamira havina hatari ya namna hiyo, lakini vinatuonyesha jinsi utegemezi wa duka unavyokua. Mnyauko bakteria wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza nchini mwetu hapahapa wilayani Muleba, mwaka 2006, na mojawapo ya ndizi zinazoambukizwa kwa urahisi kupitia ua ni kainja, ambayo ni ndizi ya pombe. Shamba linapokatwa na kufukiwa, pengo la utamu linajazwa kwa mfuko wa sukari. Kadiri kibanja kinavyopungua ndani ya pipa, ndivyo duka linavyoongezeka, na ndivyo maarifa ya mababu, ambayo yalihusu ndizi na mtama, yanavyopungua nguvu. Hakuna babu aliyemfundisha mjukuu juu ya risasi.

Najua wengi mnaonisikiliza tayari mna neno moja mdomoni: watu wanakufa. Ni kweli, na ndilo jambo linalonifanya nizungumze. Novemba 2000 jijini Nairobi walikufa watu zaidi ya 130, na wengine wengi wakapofuka. Aprili 2010 huko Kabale, Uganda, si mbali na mpaka wetu, walikufa wapatao 80. Mei 2014 Kenya ilizika tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa kwa siku chache. Lakini tuulize walikufa kwa nini. Katika maafa makubwa ya aina hii mhusika ni methanoli, kileo cha viwandani kinachotumika katika rangi na viyeyusho, kilichoongezwa kwa makusudi au kwa kutojua ili kinywaji kiwe kikali kwa bei ndogo. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoua mishipa ya macho kwanza. Ndizi iliyochachuka inatoa methanoli pia, lakini kidogo, na kiasi hicho peke yake hakiui kijiji. Sumu hii hununuliwa. Kuna mahali inapouzwa kwa dumu, na mpikaji au mchuuzi anayeinunua hana wa kumwambia kwamba kileo hiki sicho kile. Anayo njia moja tu ya kupima, ile ya kiberiti: anamwaga kidogo kwenye kijiko, anawasha, ukiwaka mwali wa buluu anasema ni safi. Mwali unampa habari za ukali wake na kuishia hapo. Methanoli nayo huwaka mwali wa buluu hafifu, tena mchana hauonekani vizuri. Kwa hiyo kipimo anachokiamini mpikaji, na mnywaji anachoonyeshwa ili atulie, hakiwezi kutenganisha kinywaji na kifo. Jambo hili linaweza kuelezwa kwa sentensi mbili kwenye kaunta, na watu ambao lingewafaa zaidi ndio wasioweza kuuliza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka Kenya. Mwaka 2010 Kenya iliondoa marufuku ya chang'aa, gongo yao, iliyokuwepo tangu 1980, ikatunga sheria mpya ya udhibiti wa vileo, na miaka minne baadaye ikaja ile Mei ya 2014. Basi kuruhusu kumesaidia nini? Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wote. Lakini tazama ruhusa ilivyotolewa. Sheria ilitaka kinywaji kiwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, kifikie kiwango cha shirika la viwango, kitengenezwe mahali penye leseni. Masharti hayo ni halali kwa mwenye mtaji. Kwa mama mwenye pipa moja kule Siaya au Mathare ni marufuku ileile iliyovaa nguo nyingine. Hakuna aliyemwambia aanze na hatua ipi, anunue bomba gani, wapi, kwa ushauri wa nani. Alibaki kichakani, na nafasi iliyofunguka juu ikajazwa na watengenezaji wa vinywaji vya chupa vya bei ya chini. Tukitaka kujifunza kwa Kenya, tusifungue mlango wa juu huku ule wa chini tukiuacha na kufuli.

Pingamizi la tatu ni la viongozi wa dini na la akina mama wengi, na sina jibu la kulifuta. Gongo inavunja nyumba. Mshahara wa kibarua unaishia kilabuni, kijana wa miaka kumi na sita anakunywa saa nne asubuhi, mke anapigwa. Yote ni kweli, na kumshauri mpikaji juu ya bomba hakutapunguza hata kipigo kimoja. Ninachosema ni kwamba madhara ya ulevi na madhara ya sumu ni mambo mawili, na moja halipaswi kusubiri jingine. Ulevi unahitaji umri wa mnywaji, saa za kilabu, bei, na kazi kwa vijana. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia tarehe 1 Machi 2017 ilikuwa inashughulikia ulevi, na wengi walishukuru kuona pakiti zile zikiondoka mikononi mwa watoto wa shule. Sumu inahitaji chombo safi na mtu anayejua. Mlevi aliyepofuka ameongezewa msiba juu ya msiba, na familia yake pia.

Wapo pia wanaouliza kwa nini wapikaji wasiache tu na kutafuta kazi nyingine. Nshamba ni mahali pabaya pa kuuliza swali hilo kwa wepesi. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na Nshamba ndiko mradi wa Kwa Wazee ulikoanza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo ya kila mwezi mabibi na mababu waliobaki na wajukuu mikononi. Mradi ulihitajika kwa sababu katika nyumba hizo fedha taslimu ilikuwa haipo. Ndizi ipo, kahawa inalipa kwa msimu, lakini sare, daftari na dawa vinataka pesa ya leo. Ndizi mbichi inauzwa kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno. Ikipikwa inakaa, inabebeka, inauzwa kwa kipimo. Huo ndio uchumi wake, na hautaondoka kwa hotuba.

Tunao mfano wa nyumbani wa kufuata. Miaka ya nyuma dawa za hospitali ziliuzwa vijijini katika maduka ya dawa baridi, na nyingi kati yazo hazikuruhusiwa kuuzwa humo. Muuzaji alizificha chini ya kaunta, mteja alinong'ona, na dozi ilikuwa ya kubahatisha. Serikali ingeweza kuendelea kufunga maduka. Badala yake, mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ilianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu: ikamfundisha muuzaji, ikamwandikia orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza, ikamkagua, ikampa kibali cha kutundika ukutani. Mpango ukaenea nchi nzima. Dawa hazikuacha kuwa hatari. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye homa sasa anaweza kuuliza kwa sauti. Ng'ambo pia tofauti hiyo inaonekana. New Zealand tangu 1996 inamruhusu mtu kupika pombe kali nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, na duka linalouza mtambo linauza na maelezo yake. Marekani iliruhusu bia ya nyumbani kwa sheria ya 1978 lakini sheria yake ya shirikisho ikaendelea kukataza pombe kali, kwa hiyo duka litakuuzia sufuria na mabomba kwa ajili ya bia, na neno la mvuke likitajwa mara nyingi mazungumzo hukatika. Shaba ni ileile.

Yapo mambo yanayohitaji Bunge, kwanza leseni ya ngazi ya kijiji yenye ada ambayo mwenye pipa moja anaimudu, na kuondoa kosa la kukutwa na mtambo uliokaguliwa. TBS, shirika letu la viwango, inaweza kuweka kiwango cha chombo kabla ya kiwango cha kinywaji, na SIDO, ambayo tangu 1973 kazi yake ni viwanda vidogo, inaweza kuwaonyesha mafundi wa Bukoba na Muleba namna ya kuunga bomba bila risasi. Lakini yapo yasiyongoja Dodoma. Bwana afya wa kata hahitaji sheria mpya ili apite kwa wenye maduka ya vifaa na kuwaambia mambo manne: rejeta isiuzwe kwa kazi ya kinywaji chochote, pipa lisilojulikana lilikotoka liandikwe hivyo kwa rangi, dumu la dawa ya kahawa litobolewe kabla ya kutupwa, na kileo cha viwandani kisiuzwe kwa rejareja kwa mtu asiyetaja kazi yake. Maelezo hayo hayamtaji mpikaji. Yanaweza kubandikwa ukutani kwa Kiswahili na Kihaya, karibu na roli la shaba, mahali ambapo mteja husimama akisubiri msumeno umalize kukata.